Skyrim: jenga mtu wako vizuri, levo zitakuja zenyewe

Kuna vile wasee wengi hapa Kisumu huanza gemu ya Skyrim, haswa wale wanacheza na laptopu ya mtumba: anatoka Helgen pale gemu inaanzia, anafika kijiji cha Riverwood, anaona video inamwambia atengeneze visu vya chuma mpaka uhunzi ufike 100, anakesha hapo kwa fundi akigonga, halafu ako levo ya juu lakini akiingia pango jambazi wa kawaida anamlaza chini kwa mapigo mawili. Anaanza kusema gemu ni ngumu. Si ngumu, ni vile maadui wengi hupangwa kulingana na levo yako, na levo haiulizi umeipata wapi. Ni kama kutoa fundi wa jua kali Kibuye na nyundo yake umwambie apigane na dragoni.

Hii gemu haikupi XP (pointi za kupandisha levo) kwa kuua. Skili ndio inapanda kwa kutumika, na kila ikipanda unapewa XP sawa na namba iliyofika, yaani kutoka 20 kwenda 21 unapata 21, kutoka 90 kwenda 91 unapata 91. Levo ya pili inataka 100, ya tatu 125, na inaendelea kuongezeka 25 kila mara. Sasa fikiria umepeleka kufungua kufuli na kubembeleza wenye maduka juu sana, levo imepanda, maadui wamepanda, na upanga wako bado uko pale pale.

Kwa hivyo chagua skili tatu mapema. Moja ya kuua, moja ya kukukinga, moja ya kusaidia. Perki (uwezo maalum, unachagua moja kila ukipanda levo) ziko 251 kwa skili 18, na hata ukifikisha kila skili 100 bila kuzirudisha nyuma unafika levo ya 81, yaani perki 80 pekee, kwa hivyo ukianza kutupa moja huku moja kule utakosa zile tamu za juu. Kabila lisikusumbue sana, hakuna inayokufungia kitu, lakini Orc ana ile hasira yake ya mara moja kwa siku (mapigo yake yanaumiza mara mbili, yeye anaumia nusu, kwa sekunde 60) na Breton anakinga uchawi 25% bila kufanya chochote, na mimi naona Breton ndio bora kwa mtu anaanza, wacha watu wabishane.

Ukitoka Helgen kabla ya Riverwood utapata yale mawe matatu kando ya barabara. Gusa la shujaa, la mchawi ama la mwizi, skili za upande huo zinapanda haraka kwa 20%. Ukibadilisha mpango unarudi kugusa lingine.

Riverwood sasa ndio kuna kitu kitamu. Faendal, yule jamaa wa upinde, anashindana na Sven kumpata msichana anaitwa Camilla. Ongea na yeye, atakupa barua feki ya kumharibia Sven jina, mpelekee Camilla, ukirudi Faendal anakubali kukufuata. Na yeye ni mwalimu wa upinde mpaka 50. Sasa unamlipa akufundishe, halafu kwa sababu anakufuata unamwambia mbadilishane vitu, unafungua mzigo wake na unachukua pesa yako yote. Mafunzo ni mara 5 kwa kila levo, kwa hivyo ukipanda levo rudia tena. Upinde ukienda na kunyata vizuri ni balaa: perki ya Deadly Aim inafanya mshale wa kuvizia uumize mara 3, na kama unapenda kukaribia, Assassin's Blade kwa kunyata 50 inafanya kisu kiumize mara 15.

Kwa pointi za kila levo, wapiganaji weka afya kwanza, mara nyingi kuliko kitu kingine, stamina unaipa moja moja kwa sababu kila ukiichagua unaongezewa pia uzito wa kubeba 5. Mchawi aweke Magicka (nguvu ya uchawi) mbili, afya moja. Pesa ya dawa usiharibu, ngano na lile ua la bluu la milimani zinatoa dawa ya afya na vyote vimejaa njiani.

Uhunzi si dhambi lakini uufanye pamoja na vita, si kabla. Tangu pachi (sasisho la gemu) ya 1.5 ya 2012 XP yake inafuata bei ya kitu, kwa hivyo pete za dhahabu zinashinda visu vya chuma.

Kitu wengi hawajui: ukiona alama ya kupanda levo, usikimbilie menyu. Ukipanda, afya, Magicka na stamina zote hujaa, kwa hivyo iweke mpaka ukutane na bosi, afya ikibaki nukta fungua menyu chagua, unarudi mzima kabisa.

Na kwa sababu stima zetu mnazijua, bonyeza F5 kuhifadhi gemu kabla ya kila mlango wa pango. Laptopu yenye RAM ya 2GB tafuta Skyrim ya kwanza ya 2011, toleo la baadaye la Special Edition linataka 8GB.