Kengele kumi za Terry Funk: jinsi ya kuandaa jioni ya kumbukumbu Kisumu

Mwanamieleka anapoaga dunia, wenzake husimama vichwa vimeinama na kengele ya ulingo hupigwa mara kumi. Heshima hiyo haihitaji ulingo. Banda la video la Kondele au Nyalenda lenye viti 40, rimu moja ya gari ya kupigwa kama kengele na watu walio tayari kunyamaza vinatosha. Mwongozo huu unamchukua Terry Funk, mwanamieleka wa Marekani aliyefariki tarehe 23 Agosti 2023 akiwa na miaka 79, kwa sababu ni rahisi sana kumkosea. Wengi humkumbuka kwa damu na seng'enge tu. Ugumu wake hasa ulikuwa kujitoa mwili wote ashindwe mbele ya watu, mpaka aliyemshinda akaonekana simba. Jioni nzima ipangwe ili jambo hilo lionekane.

Anzeni na wasifu wa karatasi moja, usiozidi maneno 150. Ukirefuka zaidi, walioketi nyuma wataanza kuzungumza. Alizaliwa tarehe 30 Juni 1944 Hammond, Indiana, akalelewa Amarillo, Texas. Babake, Dory Funk Sr., naye alikuwa mwanamieleka. Desemba 1975 alimshinda Jack Brisco kule Florida na kutwaa mkanda wa dunia wa NWA, muungano wa mapromota wa mieleka, ambao kakake Dory Funk Jr. alikuwa ameushika kabla yake. Februari 1977 Harley Race akamvua mkanda huo mjini Toronto. Mwaka 2009 ndugu hao wawili waliingizwa pamoja katika ukumbi wa heshima wa kampuni ya mieleka ya WWE.

Kuna mitego miwili kwenye wasifu huu. Msiandike mwaka aliostaafu: aliagwa kwa machozi Japani mwaka 1983, akarudi, na baadaye akaaga tena na tena. Pia Chainsaw Charlie, yule mwenye soksi ya kike usoni aliyeonekana WWF (jina la zamani la WWE) mwaka 1998, ni yeye huyo huyo. Lisemeni mapema, la sivyo ubishi utazuka katikati ya shughuli. Na mkifanyia mwanamieleka mwingine kumbukumbu kama hii, kwanza hakikisheni kweli amekufa. Habari za vifo vya uongo husambaa WhatsApp kila mwezi, kwa hiyo subirini familia au kampuni yake itamke.

Kuhusu mapambano, matatu yanatosha. La kwanza ni kipande cha dakika tano au sita cha miaka ya 70, watu waone ile mbinu ya familia: anaushika mguu wa mpinzani aliyelala chali, anaukunja, anageuka juu yake mzunguko mzima, kisha anarudia. Mwonyesheni hapa akiwa kijana, kabla magoti hayajaharibika. Bila kipande hiki, mzee wa baadaye hana uzito.

La pili ndilo moyo wa jioni, na lionyeshwe lote bila kukatwa: mwanamieleka Ric Flair dhidi ya Funk, tarehe 15 Novemba 1989, Troy, New York. Sharti lake ni kwamba hakuna kushinda kwa kumbana mpinzani mabega chini. Anayetamka kwa kinywa chake kwamba ameacha ndiye ameshindwa. Kabla ya kulianza, waelezeni watu kwamba mwezi Mei mwaka huo Funk alimgeuza Flair kichwa chini na kumshindilia juu ya meza, akamuumiza shingo. Asiyejua hilo hataelewa kwa nini Funk anairudia shingo ile ile, huku maikrofoni ikisogezwa mdomoni mwa Flair kumuuliza kama ameacha. Mwishoni mambo yanageuka. Flair anamfunga miguu mtindo wa nambari nne, na Funk, baada ya kukataa na kukataa, anatamka kwamba ameacha. Halafu anampa Flair mkono. Mkono huo ndio mnaoufuata. Msiruhusu mtu azime video kabla haujaonekana.

Kama mna mtu wa kutafsiri kwa maikrofoni kama wafanyavyo kwenye filamu, mpeni amri moja: maikrofoni ya ulingoni ikitokea, ya kwake ishuke. Asimulie kabla na baada. Akiongea juu ya swali na jibu, pambano limekufa.

La tatu ni Philadelphia, tarehe 13 Aprili 1997, alipomshinda Raven na kutwaa mkanda wa kampuni ya mieleka ya ECW akiwa na miaka 52. Usiku huo alikuwa tayari amepambana na wawili wengine kabla ya Raven. Mwonyesheni anapopanda kamba na kuruka kinyumenyume, magoti yakiwa hayataki.

Fainali ya mashindano ya Kawasaki, Japani, ya tarehe 20 Agosti 1995, alipopigana na Cactus Jack kwenye seng'enge na mbao zenye milipuko, msiionyeshe. Itajeni kwa maneno, mseme Cactus ndiye aliyeshinda, basi. Banda la video halina mlango wa kuzuia watoto, na picha hizo ndizo zitakazobaki kichwani badala ya ule mkono aliompa Flair. Hata kati ya hayo matatu kuna damu na viti, kwa hiyo watoto waende nyumbani mapema. Waambieni vijana waziwazi kwamba kumgeuza mwenzako kichwa chini ni marufuku hapo na nje. Mtu akianguka kwa shingo asiinuliwe wala kukalishwa: mmoja amshikie kichwa kisitikisike mpaka msaada ufike.

Tumieni banda ambalo tayari lina leseni ya kuonyesha video, kwa kuwa maonyesho ya umma yako chini ya bodi ya uainishaji wa filamu. Mpasheni habari msaidizi wa chifu. Msilete jeneza la maigizo. Huku kwetu watu wanazika kila wikendi, na jeneza la mchezo linaumiza. Muziki mkubwa nao uachwe, isije ikageuka disko matanga.

Picha yake ichapishwe saibaa kwa ukubwa wa A3. Faili iwe na angalau pikseli 1,700 kwa 2,500. Picha iliyotumwa WhatsApp imeshabanwa na itatoka na vidoa. Kanda za zamani zina umbo la karibu mraba. Runinga za sasa huzivuta ziwe pana, na Funk anatokea mfupi mnene kama mtu mwingine. Ingieni kwenye mpangilio wa skrini mchague 4:3, mkubali pande mbili nyeusi. Sauti pia hutofautiana: ya miaka ya 70 iko chini, ya 1997 inapasua masikio. Chezesheni zote tatu mchana, mtie alama ya gundi kwenye kitufe cha sauti kwa kila moja. Mvua ya jioni ikipiga mabati hakuna kitakachosikika, kwa hiyo anzeni saa kumi alasiri badala ya usiku.

Sasa kengele. Kwa mafundi wa jua kali tafuteni rimu ya chuma ya inchi 13 au 14, bila tairi. Ya aluminiamu iacheni. Ipapaseni kwa kidole ukingoni kote. Yenye ufa hutoa sauti ya sufuria. Kwarueni kutu na rangi nene. Pitisheni waya katika tundu moja la nati, itundikwe ikining'inia peke yake, angalau shubiri mbili kutoka ukuta au nguzo, kwa sababu ikigusa chochote mlio unakatika. Pigeni ukingoni kwa boliti nene au nyundo ndogo, si katikati. Pigo liguse na kurudi papo hapo. Chuma kikibaki kimelalia rimu, mnaunyonga mlio wenyewe. Ndani ya mabati matupu sauti hugongana, kwa hiyo itundikeni mlangoni upande wa nje.

Kengele ije mwisho, tofauti na wafanyavyo kwenye runinga, ili hata mgeni awe amejua anamsimamia nani. Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja anapiga; wa pili ana punje kumi za mahindi kiganjani na anahamisha moja kila pigo. Mpigaji asihesabu mwenyewe, maana pigo la sita au la saba ndipo watu hupotea, na tisa au kumi na moja ni aibu isiyofutika. Kati ya pigo na pigo hesabuni kimoyomoyo hadi tano. Yote kumi yatachukua karibu dakika moja. Zimeni feni, jenereta na simu, na mtu mmoja asimame barabarani kuwaomba boda boda wasipige honi. Kila mtu asimame, kofia mkononi. Baada ya pigo la kumi kuna atakayetaka kupiga makofi. Mwenye punje ainue mkono kumzuia. Rimu iachwe ilie hadi inyamaze yenyewe, ndipo taa ziwashwe.