Nahau za Kiingereza: zisikie kwanza, useme baadaye

Hamjambo wanakikundi. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi za mtandaoni, mteja mmoja wa Marekani aliniandikia jioni: "Let's table this." Mimi nimesomea Kiingereza cha Uingereza hapa Kisumu, na kwa Waingereza kuliweka jambo mezani ni kulileta lijadiliwe. Nikakesha. Stima ikapotea saa nane usiku, nikamalizia kwa simu. Asubuhi nikatuma kurasa kumi na mbili, mteja akashangaa. Kwa Wamarekani maneno yale yale maana yake ni kuliahirisha jambo. Kazi ilikuwa safi, ila hakuna aliyeiomba wala aliyeilipia.

Somo la leo limetoka kwenye usiku huo.

Hatua ya 1: Weka kando orodha ya shule. Tulikaririshwa "raining cats and dogs" na "as fit as a fiddle" ili insha ipate alama. Mvua ya jioni ikishuka kutoka ziwani na mkajibanza kibandani na Mwingereza, usitarajie ataje paka wala mbwa. Huenda akasema tu "it's pouring".

Hatua ya 2: Andika tukio, usiandike maana peke yake. Kwenye daftari weka nani alimwambia nani, wakiwa wapi, kwa sauti gani. Mfano: "I'm feeling a bit under the weather." Mfanyakazi anampigia mkubwa wake simu asubuhi, ana mafua au kichwa kinamgonga. Ukiandika "kuumwa" tu, iko siku utaitumia kwa mgonjwa aliye kwenye oksijeni.

Hatua ya 3: Ilinganishe na nahau zetu, lakini kwa hadhari. Hapa ndipo pana utamu. Wao wakitoboa siri husema "spill the beans". Wanamwaga maharagwe, sisi tunamwaga mtama kwenye kuku wengi. Zinashikana vizuri, mradi usiteleze ukamwaga unga, maana hapo umepoteza kazi.

Sasa angalia chumvi. Kwetu anayetia chumvi ni msemaji: anaongeza yasiyokuwepo. Kwao chumvi iko kwa msikilizaji: "take it with a pinch of salt", yaani usiyaamini yote unayoambiwa. Nahau mbili, chumvi moja, watu wawili tofauti. Na moyo nao una mtego. Kuvunjika moyo kwetu ni kukata tamaa, hata kwa sababu ya mtihani wa hesabu. "Heartbroken" ni huzuni nzito, ya mapenzi au ya msiba. Mwambie mteja kwamba uko "heartbroken" kwa sababu kompyuta imekwama, atadhani umefiwa.

Hatua ya 4: Usiifanyie ukarabati. "You're pulling my leg", unanitania, ni mguu mmoja. Usiwavutishe yote miwili. "Kick the bucket" ni kufa, lakini ukisema "the bucket was kicked", hakuna aliyekufa, ni ndoo tu iliyopigwa teke. Ila "the beans were spilled" inakubalika. Usiniulize kanuni. Ichukue nzima kama ulivyoisikia.

Hatua ya 5: Jua kwao ni wapi. Kwa kitu kidogo mno kisichotosha, Mwingereza husema "a drop in the ocean", Mmarekani tone lake huliangusha kwenye ndoo: "a drop in the bucket". Wakitaka bahati isiwageuke, Mwingereza husema "touch wood", Mmarekani "knock on wood". Ukizichanganya utaeleweka tu. Ya meza ndiyo iliyonigharimu usingizi.

Maswali ya wanachama

*Nakuru:* Mwalimu, nimepewa kazi ya kuandika rambirambi kwa Kiingereza. "Kick the bucket" inafaa?

La hasha, ndugu yangu. Hiyo ni ya mzaha, kama kusema marehemu amekata kamba, huku mjane ameketi pale mbele. Andika "passed away", ndiyo iliyo karibu na kuaga dunia.

*Kakamega:* Nina usaili kesho, na rafiki yangu kaniambia "break a leg". Nimkasirikie?

Amekutakia heri, dada. Ni maneno ya waigizaji, ambao huona kumtakia mwenzako heri waziwazi kabla hajapanda jukwaani ni nuksi. Siku hizi huambiwa hata mtu wa mtihani au usaili. Mjibu "thank you", yatosha. Ila wewe usimwambie anayekwenda kufanyiwa upasuaji.

*Kondele:* Nijifunze ngapi kwa wiki? Nina orodha ya mia mbili.

Mimi huchukua tatu. Orodha yako iache kabatini, na kila ukisikia mojawapo kwa masikio yako, itie alama. Zitakazokaa bila alama mwaka mzima hazina haja nawe.

*Busia:* Nikisikia nisiyoijua katikati ya maongezi, nicheke tu wanapocheka?

Mimi nilicheka hivyo miaka miwili, tena siku moja nikacheka peke yangu. Sasa nasema, "Sorry, I don't know that one." Mwenyewe huanza kueleza kwa furaha, kisha hukwama katikati. Niliyemuuliza juzi alikiri hajui hata yeye kwa nini ni maharagwe.