Unagongeshwa kila siku kwenye jiu-jitsu? Fanya hivi

Kama umeanza jiu-jitsu ya Brazil hapa Kampala na kila raundi unagonga mati kukubali umeshindwa, relax ssebo, mkanda mweupe, yaani anayeanza, kazi yake ndo hiyo. Shida inakuja pale unapogonga, unacheka, mnapeana mikono mnaanza tena na hujui hata umenaswa vipi.

Ukishagonga tu muulize mwenzako palepale, kaka, umenipata wapi? Mara nyingi hatataja mkono wala shingo, atataja kitu ulichofanya kabla. Mfano armbar, ile ya kukunyoosha kiwiko kupita kiasi: uko ndani ya gadi yake, yaani amelala chali na amekubana kwa miguu, umechoka, unamsukuma kifuani na mikono imenyooka, basi mkono ushauuza, ule mguu unaopita usoni kwako ni kumalizia tu. Sasa usikimbilie YouTube kutafuta namna ya kuchomoa mkono ulionyooka, jifunze kubana viwiko mbavuni na kukaa mgongo wima ungali kwenye gadi. Giloteni, ile kaba ya shingo kutoka mbele, nayo vilevile, ukiingia kukamata miguu huku unaangalia chini shingo umempa bure, inua uso.

Ukiwa kwenye taksi unarudi andika sentensi moja kwenye simu, jamu ya Jinja Road inatosha hata kuandika kitabu. Kikijirudia kitu kimoja, hicho ndo cha wiki hiyo, vingine achana navyo kwanza. Mwombe mtu muanzie palepale unapoumizwa, kama ni mount basi akukalie juu kabisa, wewe kazi yako kutoka tu, ukitoka mnarudia. Inachosha na haina raha, ila hakuna njia ya mkato ninayoiamini zaidi ya hii.

Na gonga mapema banange! Mwaka 1951 pale uwanja wa Maracanã, Rio, Hélio Gracie, mmoja wa waanzilishi wa mchezo huu, aligoma kugonga mbele ya Masahiko Kimura, mwanajudo wa Japani, akavunjwa mkono mpaka kaka yake Carlos akasimamisha pambano, halafu Wabrazil wakaichukua ile loki ya kupinda bega wakaiita kimura, jina la aliyewapiga, na mpaka leo inafundishwa kila jim. Loki za kisigino, zile za kukuzungusha kisigino, ndo mbaya zaidi, goti linaharibika kabla hujasikia maumivu, kwa hiyo hapo usisubiri kuumia, kisigino kikishikwa vizuri we gonga.

Halafu usichague wepesi tu wa kucheza nao. Mtafute yule mkanda wa bluu, ngazi ya juu ya mweupe, anayekukaba kila mara, mwambie leo nataka kulinda shingo tu, wengi wanakubali.