Maili za kazi: jinsi ya kuzikata kwenye kodi ya Marekani

Mimi ni mkalimani wa kujitegemea hapa Marekani: asubuhi hospitali, mchana mahakamani, na gari ni langu. Kila msimu wa kodi wenzangu huniuliza habari za maili, basi naandika hapa, nipumzike na simu.

Kama unalipwa kwa 1099, yaani fomu ya malipo ya wanaojitegemea, endelea kusoma. Kama ni mwajiriwa wa W-2, yaani fomu ya mshahara, pole: tangu 2018 waajiriwa karibu wote hawaruhusiwi kukata gharama hizi kwenye kodi ya serikali kuu. Mdai mwajiri wako akurudishie.

Safari ya kutoka nyumbani kwenda kazini haihesabiwi, hata uwe unaishi mbali kiasi gani. Inayohesabiwa ni ya kutoka kituo kimoja cha kazi kwenda kingine, kama mimi ninapotoka hospitali kwenda mahakamani. Ila kama una sehemu nyumbani unayoitumia kwa kazi tu, mara kwa mara, na ndiyo makao makuu ya shughuli zako, basi hata ile safari ya kwanza ya asubuhi inaingia. Ukipinda njia kwenda kununua unga, maili za kupinda ni zako binafsi.

Njia za kukokotoa ni mbili. Mimi hutumia kiwango cha maili cha IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ambacho kwa 2025 kilikuwa senti 70 kwa maili (2024 kilikuwa 67). Kwa senti 70, maili 8,000 za kazi zinakupa dola 5,600 za kutoa kwenye mapato. Usidhani utatumiwa hundi ya kiasi hicho! Unachopata ni pato dogo zaidi la kutozwa kodi, ikiwemo ile ya asilimia 15.3 ya waliojiajiri. Senti hizo zimeshabeba mafuta, bima, matengenezo na uchakavu, kwa hiyo risiti za mafuta weka kando. Maegesho na ada za barabara kwenye safari za kazi unaongeza juu yake. Faini za maegesho, hapana.

Njia ya pili ni kujumlisha gharama halisi na kuchukua asilimia ya matumizi ya kazi. Inafaa gari ghali linalotembea kidogo. Lakini kama gari ni lako na unataka uhuru wa kubadilisha baadaye, mwaka wa kwanza wa kulitumia kikazi anza na kiwango cha maili.

Sasa daftari, maana hapa ndipo watu wanapoangukia. Tarehe 1 Januari piga picha namba za maili kwenye dashibodi, na 31 Desemba tena. Katikati, kila safari iandikwe siku hiyohiyo: tarehe, ulikokwenda, sababu, maili. Langu husomeka hivi: “12/3, hospitali hadi mahakamani, kesi ya mtoto, maili 14.” Neno “kazi” peke yake halitoshi. Programu ya simu inafaa pia, mradi uainishe safari zako kila wiki kabla hujazisahau.

Mwisho wa mwaka jumla ya dola inaingia Schedule C, fomu ya kodi ya mapato na gharama za waliojiajiri, mstari wa 9, na maelezo ya gari Sehemu ya IV. Huko utaulizwa kama una ushahidi, na kama umeandikwa. Ukishawasilisha, litunze daftari lako kwa angalau miaka 3.