Mozaiki ya vioo: bandika uso chini, kwenye karatasi ya kaki

Vipande vyako vina unene tofauti? Usivipachike ukutani kimoja kimoja. Chora pambo lako kinyume kwenye karatasi ya kaki, ubandike vioo uso ukitazama chini kwa gundi nyepesi ya unga wa ngano. Ikikauka, kandamiza kazi nzima kwenye gundi ya vigae ikiwa bado mbichi, karatasi ikiwa juu. Gundi ikianza kushika, lowesha karatasi kwa sponji na uibambue taratibu kuanzia pembeni. Uso unatoka bapa kwa sababu tofauti za unene zimezama nyuma, na gundi ya unga huachia kwa maji. Vioo vinavyopitisha mwanga vinataka gundi ya vigae nyeupe.

Herufi ndizo huumbua watu: jina la nyumba usipoligeuza, litasomeka kinyumenyume barazani. Na kwa unyevu wa Mombasa, kazi ikilala siku nyingi inaota ukungu, mende nao wanajihudumia. Wakati wa kaskazi changanya gundi ya vigae kidogo kidogo, joto huiwahi. Kwa smalti za Venezia, yaani vipande vya kioo kizito cha rangi vinavyokatwa kwa mkono, njia hii haifai, maana mng'ao wake, kama kwenye makanisa ya kale ya Ravenna, Italia, hutokana na uso usio sawa.