Ukisikia jimbo lako litanyimwa hela za haiwei kisa ICE, anza kuangalia hivi

Jamani, kila baada ya wiki kadhaa kwenye grupu letu la WhatsApp huku Marekani anatokea mtu anafowadi ile voisi noti ya mtu anayeongea harakaharaka, ati Washington, yaani serikali kuu, imekata hela zote za barabara za jimbo letu kwa sababu jimbo linakataa kushirikiana na ICE, wale maafisa wa serikali kuu wanaokamata watu wa uhamiaji, afu hapo chini kina mama wanaanza kuulizana kama wahame, na kuna kaka mmoja anaendesha trela yeye anauliza kama leseni yake bado inafanya kazi. Mi nishachoka kujibu mmoja mmoja. Kwaiyo leo naandika mara moja tu jinsi navyoipima habari ya namna hii. Mi sio mwanasheria, kama una kesi yako ya uhamiaji nenda kwa mwanasheria wa kweli, hapa nakusaidia tu kujua kelele ipi ina mzigo ndani na ipi ni debe tupu.

Swali la kwanza, na kwangu mimi ndo swali lenyewe: sharti limewekwa na nani? Kongresi, yaani bunge la nchi, au waziri? Watu wanaruka hapa wanaenda moja kwa moja kwenye hasira.

Katiba ya Marekani imeliweka begi la hela mikononi mwa Kongresi. Kongresi ikitunga sheria ikasema jimbo ukitaka hela za haiwei fanya kitu fulani, hiyo ni nzito na wameshafanya mara nyingi. 1974 mafuta yalipokuwa ya shida waliweka spidi mwisho maili 55 kwa saa nchi nzima, jimbo likikataa linapoteza hela, na ile kitu ilikuja kufutwa 1995. 1984 wakaja na umri wa kununua pombe, miaka 21. South Dakota walikuwa wanaruhusu vijana wa miaka 19 wanunue bia nyepesi, wakagoma, wakaenda mahakamani, na 1987 Mahakama Kuu ya nchi ikawaambia majaji 7 kwa 2 kwamba sharti ni halali. Ndo maana mpaka leo mwanao wa miaka 20 anaweza kujiunga na jeshi lakini hawezi kununua bia dukani.

Sasa linganisha na hii ya uhamiaji. Tarehe 24 Aprili 2025 Waziri wa Uchukuzi Sean Duffy aliwaandikia wote wanaopokea hela za wizara yake kwamba lazima washirikiane na ICE, la sivyo hela ziko hatarini. Angalia vizuri, hiyo ni barua. Haikupigiwa kura na mtu. Majimbo 20, yakiwemo California, Illinois, New Jersey na Massachusetts, yakafungua kesi mahakama ya shirikisho kule Rhode Island, na tarehe 19 Juni Jaji John McConnell akaweka zuio, afu Novemba mwaka huohuo akatoa hukumu kwamba sharti lile haliruhusiwi. Hoja yake kwa kiswahili cha kawaida: Kongresi haikumpa waziri ruhusa ya kubandika sharti hilo, na hela imetolewa itengeneze barabara, uhamiaji umeingiaje humo?

Ila usishangilie kabla hujaangalia kama jimbo lako lilikuwemo. Ulinzi wa kesi ile ni wa waliofungua kesi. Uko Texas au Tennessee? Basi ile hukumu sio yako. Na siku zote angalia tarehe ya habari, maana kesi za hivi zina rufaa na voisi noti ya mwaka jana inazunguka kama ya leo asubuhi.

Pili, uliza ni hela ipi. Watu wanasema tu "hela za barabara" kama vile ni gunia moja. Kubwa kabisa ni ile ya mgao wa fomula. Ukijaza mafuta, senti 18.4 kwa kila galoni ya petroli inaenda Washington, kiwango hicho hakijapanda tangu 1993, inaingia kwenye mfuko wa haiwei ulioanzishwa 1956, afu inagawiwa majimbo kwa hesabu iliyoandikwa kwenye sheria. Waziri hapo hana uhuru mkubwa wa kuamua nani apate nani akose. Na hata hivyo hela haiji kama zawadi ya harusi, jimbo linampa mkandarasi kazi kwanza, kazi inafanyika, afu linapeleka bili na kurudishiwa sehemu kubwa, kawaida asilimia 80, kwenye haiwei za Interstate hadi 90. Kwaiyo ukiona greda liko barabarani na watu wa kofia za njano wanafanya kazi, ni dalili kwamba jimbo bado linategemea kurudishiwa hela.

Ya pili ni ruzuku za kushindania, hizi mji au jimbo linaandika maombi na wizara inachagua. Hapa ndo pa kuwa macho, maana waziri ana nafasi ya kuchagua rafiki bila kusema kwa sauti.

Na kuna hela ndogo ya ukaguzi wa malori, ambayo ndo ilivuruga grupu letu lote. Oktoba 2025 wizara ilisema inazuia zaidi ya dola milioni 40 za California. Watu wakafowadi kwamba ni ICE. Hapana. Ile ilikuwa kuhusu madereva wa malori na Kiingereza, kwamba California haiwakagui inavyotakiwa. Kaka wa trela, hii ndo inakuhusu kuliko yote hapo juu! Kanuni ya dereva kujua Kiingereza ni ya zamani sana, lakini tangu 25 Juni 2025 mkaguzi akikusimamisha akaona huwezi kujibu maswali yake au kusoma alama za barabarani anaweza kukushusha kwenye gari palepale. Kwaiyo fanya mazoezi ya maneno ya kazi: umebeba nini, umetoka wapi, unapeleka wapi, umeanza kuendesha saa ngapi, ile alama ya umeme inayowaka mbele imeandika nini. Fanya kwa sauti na mtu, sio kichwani. Na kama leseni yako ya kuendesha malori (CDL) ulipewa kwa kibali cha kazi, uliza ofisi ya leseni mwenyewe, usisubiri grupu.

Tatu, jimbo linaambiwa lishirikiane kufanya nini hasa? Neno "kushirikiana" ni pana kama kanga ya bibi. Kuna kupeana taarifa. Kuna lile ombi la ICE kwa jela kwamba mtu fulani akimaliza kwenu mshikilieni hadi saa 48 tuje tumchukue, na hilo ni ombi, sio hati ya jaji. Massachusetts mahakama yao kuu ya jimbo ilisema 2017 maafisa wao hawana mamlaka ya kumshikilia mtu kwa ombi hilo peke yake. Afu kuna mkataba unaitwa 287(g), sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, anasaini mwenyewe na watu wake wanafundishwa kufanya baadhi ya kazi za ICE.

Washington haiwezi kumlazimisha sherifu. Mahakama Kuu ilishasema 1997, kwenye kesi ya ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki, kwamba serikali kuu haiwezi kuwageuza maafisa wa majimbo wafanyakazi wake. Sasa fimbo ikizuiwa unachukua nini? Hela. Ndo chanzo cha haya yote. Texas kwa mfano tangu 2017 sheria yao wenyewe inazilazimisha jela kukubali maombi ya ICE, kwaiyo tishio la namna hii kule halina wa kumtisha, lakini mtu wa Dallas anafowadi na yeye analia.

Nne, kiasi gani? Ukisikia neno "zote" shtuka kidogo. South Dakota walitishiwa asilimia 5 tu ya hela za haiwei, haikufika hata nusu ya asilimia moja ya bajeti ya jimbo, mahakama ikaona ni kubembeleza tu. 2012 serikali ilipotishia kuchukua hela zote za Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) za jimbo lisilokubali kupanua huduma, zaidi ya asilimia 10 ya bajeti, Jaji Mkuu John Roberts akasema hiyo ni bunduki kichwani. Kati ya hapo na pale hakuna aliyechora mstari, ila "zote" iko karibu na bunduki.

Baada ya hapo sasa toka kwenye simu ukaangalie karatasi. Tovuti ya mwanasheria mkuu wa jimbo inaonyesha kesi walizofungua. Idara ya barabara ya jimbo ina mpango wa miaka minne wa miradi, tafuta barabara yako humo. ICE wenyewe wanaweka orodha ya polisi na masherifu waliosaini 287(g), tafuta kaunti yako kwa jina. Na sherifu wengi wanachaguliwa kwa kura, vikao vya kaunti viko wazi, unaweza kusimama ukaongea dakika zako. Ila kama sio raia, usijiandikishe kupiga kura hata kwa bahati mbaya, pale ofisi ya leseni ukiulizwa sema hapana, watu wameharibu makaratasi yao kwa kisanduku kimoja tu.

Kitu cha mwisho cha kuweka kwenye kalenda. Sheria ya barabara ya 2021 iliandikiwa miaka mitano, mwisho wake 30 Septemba 2026. Barua ya Duffy iliangushwa kwa sababu Kongresi ilikuwa kimya, na sheria inayofuata ndo mahali ambapo Kongresi inaweza kuacha ukimya huo ikaandika sharti la uhamiaji kwa wino wake. Ukisikia mswada wa barabara unajadiliwa, mpigie mbunge wa wilaya yako, kupiga simu hakuhitaji uraia, taja zipu kodi yako na umuulize kipengele hicho kimo au hakimo.