Likizo ya Desemba Kigoma: ya kuandaa kabla mvua haijawafungia watoto ndani

Shule hufungwa mwanzoni mwa Desemba, na wakati huo Kigoma mvua imeshakolea. Huku kwetu hakuna vuli na masika zinazoachana kama pwani. Mvua ikianza Oktoba au Novemba, tunakwenda nayo mpaka Aprili au Mei. Kwa hiyo likizo ndefu ya mwaka inaangukia katikati ya matope. Watoto wana wiki kama tano, uwanja umejaa maji, umeme unakatika radi zikianza, na mzazi yuko sokoni au kazini. Ninachowaomba wazazi wenzangu ni kuanza kujiandaa Novemba, jua likiwa bado linapatikana. Vitu vingi vinavyowafaa watoto ni vya bure, ila sharti viokotwe na kuhifadhiwa vikiwa vikavu.

Kwanza, habari ya ziwa. Mwaka juzi kijana wangu wa miaka tisa alitoweka tangu saa nne asubuhi. Tulimpata saa nane mchana kule Kibirizi, amelowa chapachapa, anasaidia kusukuma mtumbwi. Hakuwa ametumwa na ukorofi. Nyumbani hakukuwa na kitu cha kumshika. Nilikuwa nimemwachia dada yake ufunguo na sufuria ya uji, basi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale lilipozama zaidi, na sehemu nyingi za ufuo wetu zinateremka ghafla: hatua moja maji ya magoti, hatua ya pili hakuna chini. Kwenye maji yaliyotulia kuna kichocho. Kaeni na watoto kabla shule hazijafungwa, mkubaliane kwamba ziwani haendi mtu bila mkubwa mnayemjua. Kisha kaeni na majirani mpange zamu: Jumatatu watoto wote kwa mama huyu, Jumanne kwa bibi yule. Iandikwe kwenye karatasi na ibandikwe mlangoni, maana zamu ya mdomo husahaulika siku ya pili.

Radi nazo zifundishwe mapema, na somo lenyewe linaweza kuwa mchezo. Mtoto akiona mwanga wa radi aanze kuhesabu sekunde hadi asikie ngurumo, kisha agawanye kwa tatu. Jibu ndilo umbali kwa kilomita, kwa kuwa sauti huchukua kama sekunde tatu kwenda kilomita moja. Sekunde zenyewe zikiwa chini ya thelathini, wote ndani, na wasitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Wasijifiche chini ya mwembe wala mchikichi. Watoto wangu wanagombania kuhesabu, na tangu waanze hata mdogo haogopi tena.

Sasa vifaa. Tafuta boksi moja kubwa lenye mfuniko, uliweke juu ya kabati, mbali na paa linalovuja. Humo tia visoda ishirini na vinne: kumi na viwili vikilala kifudifudi na kumi na viwili chali, mna kete za drafti, na ubao ni kipande cha boksi kilichochorwa miraba nane kwa nane. Tia vipande vya kanga na soksi zilizochakaa kwa ajili ya kufuma mpira, mkaa wa kuchorea, gololi, na vijiwe laini vya mdako. Udongo wa mfinyanzi uchimbwe mapema na ufungwe kwenye mfuko wa plastiki usikauke. Hicho ndicho kitu pekee kinachotaka unyevu. Mawese msiwape wayafanye rangi. Yanapendeza kwenye karatasi, lakini kwenye sare ya shule hayatoki.

Bao nalipa nafasi yake, kwa sababu linaweza kumaliza mchana mzima. Bao letu lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Nje huwa tunachimba ardhini, lakini mvua hujaza mashimo. Omba dukani trei mbili za mayai. Trei ina safu tano za mashimo sita. Kata safu nne kutoka trei ya kwanza, kutoka ya pili kata kipande cha nne kwa mbili, viunganishe kwa gundi au uzi. Kete ni kokwa za mise, na Kigoma hazinunuliwi, zimezagaa kila palipokamuliwa mawese. Zioshwe na kuanikwa juani siku mbili, la sivyo boksi zima litanuka. Watoto wadogo waanze kwa kusambaza kete tu. Sheria kamili atafundisha babu, na babu wengi wa Ujiji wanasubiri kuombwa.

Kuna mambo mawili ambayo hukaa siku nyingi, na hayo ndiyo ninayoyathamini kuliko yote, kwa sababu mtoto anaamka akiwa na jambo la kuangalia.

La kwanza ni kipima mvua. Chukua chupa ya maji yenye ubavu ulionyooka, kata sehemu ya juu, igeuze iingie chupani kama faneli. Chini tia changarawe na maji hadi juu ya mabonde ya kitako, halafu chora alama ya sifuri na milimita kwa rula. Isomwe kila siku saa tatu asubuhi, ndiyo saa ya vituo vya hali ya hewa nchini, iandikwe kwenye daftari na kupunguzwa maji hadi sifuri. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Siku ya milimita kumi, nyumba yenye bati la mita sita kwa nane imepokea lita 480, yaani ndoo ishirini na nne za lita ishirini. Mwanangu wa darasa la tano alipopata jibu hilo alitoka mwenyewe kwenda kupanga ndoo chini ya mchirizi.

La pili ni misumari miwili. Wasimulie habari za Liemba, ambayo watoto wa mjini hapa wanaijua kwa macho. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuletwa bara kwa reli, ikashushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isichukuliwe na adui, lakini kwanza walizipaka injini grisi nzito zisishike kutu. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ukimaliza kusimulia, chukua misumari miwili mipya. Mmoja upake grisi kidogo kutoka kwa fundi baiskeli, mwingine uache hivyo hivyo. Kila mmoja uingie kwenye glasi yake ya maji, waulize upi utashinda, na waandike majibu yao.

Jioni umeme ukikatika, taa ya sola iwe imechajiwa tangu mchana na jamvi liwe karibu. Vitendawili havina gharama: kuku wangu katagia miibani, na mtoto aliyeona nanasi likiota atajibu kabla ya kuombwa mji. Runinga na simu mpangie muda kabla ya likizo kuanza, kwa sababu muda uliowekwa katikati ya ugomvi hauheshimiwi. Maharage ya kuchagua na karanga za kumenya ziwepo pia. Mikono midogo inapenda kazi ya pamoja na watu wazima.

Vyandarua vikaguliwe na kushonwa palipotoboka, hata kwa usingizi wa mchana, maana mvua ndiyo msimu wa malaria. Maji ya kunywa yachemshwe, na sabuni ikae karibu na choo.

Misumari iingizwe majini siku ile ile shule inapofungwa. Ikifika Krismasi kutu itakuwa wazi, na watoto watakuwa wameshaanza kuuliza kama Liemba ingeoza bila grisi.